Barua kwa mwanangu: karatasi ni ileile, kilichomo ndani ni kingine

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako nimeisoma yote na nimeamua nikuandikie badala ya kukupigia, maana kwenye simu utanikatiza na mimi nitaruka mambo, na hili sitaki kuruka kitu. Umesema rafiki yako amepata vijikaratasi vya asidi, anasema ni LSD, anasema LSD haijawahi kuua mtu, anasema hata madaktari siku hizi wanatibu sonona kwa vitu vya aina hiyo, tena vya maabara ni visafi kuliko uyoga wa kuokota. Na wewe unataka ujue kama anasema kweli kabla hujamjibu kama unajiunga naye au la. Halafu mwishoni kabisa, kama vile ni kajambo kadogo tu, ukaandika kwamba huyo rafiki anatumia lithiamu kwa ajili ya bipola, ule ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, je itaingiliana?

Naanzia hapo mwishoni, mengine yatasubiri. Ndiyo, inaingiliana, na vibaya. Mwaka 2021 watafiti walikusanya simulizi ambazo watumiaji wenyewe walikuwa wameandika kuhusu kuchanganya saikedeliki, yaani dawa za kuleta maruweruwe kama LSD, na dawa za kutuliza bipola. Simulizi 62 zilihusu lithiamu na kati ya hizo asilimia 47 zilitaja degedege, yaani mtu kuanguka na kutetemeka mwili mzima kama mwenye kifafa, wakati zile 34 zilizohusu lamotrijini, ambayo nayo ni dawa ya bipola, hakuna hata moja iliyotaja degedege. Ni simulizi sio jaribio la kitabibu, na mtu aliyepatwa na jambo baya ndo mwepesi wa kuandika kuliko aliyelala salama, hilo nalikubali, lakini tofauti ya namna hiyo kati ya dawa mbili za ugonjwa mmoja mimi kama mfamasia siwezi kuipita hivi hivi. Na hapo tunaongelea vitu vya kawaida kama LSD na silosaibini, ile ya kwenye uyoga, hatujafika kwenye hizi mpya za maabara. Kwa hiyo mwambie leo, usingoje wikiendi. Na umwambie na la pili ambalo ni muhimu sawasawa: asije akaona ufumbuzi ni kuacha lithiamu siku kadhaa ili ajipe nafasi. Mwenye bipola akikata lithiamu ghafla anaweza kupanda juu vibaya au kuzama vibaya, na hatari ya kujiua inaongezeka, sasa ukimwongezea juu yake kemikali inayovuruga akili kwa saa 10 unakuwa umemsukumia shimoni. Mwenye bipola, hata asiyetumia lithiamu, hivi vitu havimfai.

Haya, sasa hoja zake.

Kwanza uelewe vinavyofanya kazi, maana ukilielewa hilo mengine utajijibu mwenyewe. Mwili unatengeneza kemikali inaitwa serotonini, na serotonini inafanya kazi kwa kushika vipokezi vilivyoko juu ya seli, na vipokezi vyake viko vya aina nyingi, vinakaribia 14. Saikedeliki zote za ukoo huu, LSD, silosaibini ya kwenye uyoga, meskalini, DMT na hizi mpya za maabara, zinakutana kwenye kimoja kinachoitwa 5-HT2A. Hili sio la kubahatisha. Mwaka 1998 huko Zurich, Franz Vollenweider na wenzake waliwapa watu ketanserini, dawa inayoziba kipokezi hicho, halafu wakawapa silosaibini, na yale maruweruwe yakazuilika. Kipokezi hicho kimejaa kwenye gamba la ubongo, kule ambako unachokiona na kukisikia kinakusanywa na kupewa maana, ndo maana mtu akimeza anaona kuta zinapumua na anahisi kila kitu kina ujumbe kwake. Lakini kipokezi hicho hicho kipo pia kwenye misuli ya mishipa ya damu na kwenye chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu ukijikata. Shika hilo la mishipa, tutalihitaji.

LSD yenyewe ilitoka kwenye ukungu unaoota kwenye nafaka ya shayiri nyeusi. Enzi za kati Ulaya watu waliokula mkate wenye ukungu ule walikuwa wanapata maumivu ya kuungua, vidole na miguu vinakuwa vyeusi vinaoza, wengine wanaweweseka, maana kemikali zake zinabana mishipa mpaka damu haifiki. Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz kule Basel, Uswisi, alikuwa anazichezea hizo kemikali akitafuta dawa, na mwaka 1938 akatengeneza ile ya 25 kwenye mfululizo wake, ikawekwa pembeni. Mwaka 1943 akaitengeneza tena, kidogo ikamwingia mwilini bila kujua akajisikia ajabu, na siku tatu baadaye, Aprili 19, akaamua kujipima mwenyewe kwa kunywa mikrogramu 250. Alidhani anaanza na dozi ndogo kabisa, na kwa kemikali nyingine zote za ukoo ule ingekuwa ndogo kweli. Ikawa kubwa, akarudi nyumbani kwa baiskeli akiwa anaona dunia inapinda, akaamini anakufa au amepata wazimu. Huyo alikuwa mkemia mbobezi, anajua alichotengeneza na amekipima kwa mizani yake mwenyewe, na bado kilimpita.

Mikrogramu 250 ni robo ya miligramu. Chembe moja ya chumvi ina uzito wa kama mikrogramu 60, kwa hiyo unaongelea chembe chache za chumvi zinazomtoa mtu mzima kwenye akili zake kwa saa 8 mpaka 12. Kwa nini inachukua muda wote huo na wakati damu inaisafisha mapema tu? Mwaka 2017 timu ya Bryan Roth kule North Carolina walipiga picha ya LSD ikiwa imeshika kipokezi ndugu cha kile, kinaitwa 5-HT2B, wakaona kipokezi kikishaipokea sehemu yake moja inajikunja juu kama kifuniko, LSD inabaki imefungiwa mle ndani kwa masaa. Na hapo ndo pa kuelewa kwamba ukishameza huna cha kuirudisha mwenyewe, ukipanda umepanda, utashuka itakapoamua yenyewe.

Sasa hii "haijawahi kuua mtu". Kuna ukweli ndani yake ndo maana inasambaa. Kuna ripoti ya madaktari wa San Francisco ya mwaka 1974 kuhusu watu 8 waliovuta unga wa LSD puani wakidhani ni kokeini, kiasi kikubwa kupita maelezo, wakatapika, joto likapanda, damu zikawa hazigandi vizuri, baadhi wakapoteza fahamu kabisa, lakini walikuwa mikononi mwa hospitali na wote wakapona. Kwa hiyo LSD safi, kwenye moyo na figo za mtu mzima mwenye afya, ina nafasi kubwa kati ya dozi ya kulewa na dozi ya kuua. Wanaokufa kwa LSD mara nyingi wanakufa kwa walichokifanya wakiwa hawapo akilini, barabarani, dirishani, majini. Hilo nalo ni kufa, ila tuliache. Shida kubwa ya sentensi ya rafiki yako iko kwenye neno LSD. Amejuaje ni LSD?

Hebu fikiria kijikaratasi chenyewe, kipande kidogo kuliko ukucha. Hakiwezi kubeba dawa nyingi, miligramu chache basi. Sasa saikedeliki nyingi za zamani zinataka miligramu nyingi ndo zifanye kazi, meskalini inataka mamia, hazienei pale, kwa hiyo kwa miaka mingi aliyepewa karatasi alikuwa anaweza kuamini kwa kiasi fulani kwamba ni LSD kwa sababu tu vitu vingine vinavyouzwa ambavyo vingeenea mle vilikuwa vichache. Hiyo ndo kinga iliyokuwepo, na yenyewe imekwisha.

Ilikwisha hivi. Mwaka 2003 kule Berlin mkemia anaitwa Ralf Heim aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu molekuli alizotengeneza kwa kuchukua saikedeliki za ukoo wa 2C na kuzibandika kipande cha ziada. Zikaja kuitwa NBOMe. Kile kipande kiliongeza nguvu kupita matarajio, molekuli ikawa inashika 5-HT2A kwa ukali sana hata kwa kiasi kidogo mno, na kwa mtafiti hiyo ni zawadi, maana ukitaka kukichunguza kipokezi unahitaji kitu kinachokikamata barabara. Hakuna aliyekuwa ameifikiria kama dawa ya binadamu. Kuanzia kama mwaka 2010 ikaanza kuuzwa, na kwa kuwa inafanya kazi chini ya miligramu moja inaenea kwenye karatasi bila shida. Karatasi ni ileile, michoro ileile, jina lilelile la asidi.

Tofauti iko kwenye mwili. LSD inakiwasha kipokezi kwa sehemu, hata ukiongeza dozi kuna mahali inagota. NBOMe inakiwasha kwa nguvu zaidi, na ukumbuke nilikwambia kipokezi hicho kipo kwenye mishipa ya damu, halafu yenyewe inagusa pia vipokezi vya adrenalini vinavyobana mishipa. Mtu presha inaruka, moyo unakimbia, misuli inakakamaa, joto linapanda 40 na kuendelea, degedege linakuja, misuli ikiungua namna hiyo inavunjika na uchafu wake unaziba figo. Nafasi kati ya dozi anayoitafuta na dozi inayomlaza ICU ni nyembamba mno, na mtu anayelowesha karatasi kwenye chumba chake hawezi kuhakikisha kila kipande kimepata sawa, kona moja ya karatasi inaweza kuwa na maradufu ya kona nyingine. Marekani mamlaka ya dawa za kulevya ilihesabu vifo visivyopungua 19 vya vijana wa miaka 15 mpaka 29 kati ya Machi 2012 na Agosti 2013 vilivyohusishwa na NBOMe, wakapiga marufuku aina tatu Novemba hiyo ya 2013, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaziingiza kwenye jedwali la kwanza la mkataba wa 1971. Vijana wa miaka 15 mwanangu. Na kuna wanaoimeza wakidhani ni LSD.

Utasikia wanaosema ukiona chungu ulimini teme, maana LSD haina ladha na NBOMe ni chungu au inafanya ulimi ufe ganzi. Ni kweli kwamba nyingi ni chungu, na kama mtu amekwisha weka mdomoni akaona uchungu basi ateme haraka sana, lakini usikifanye hicho kuwa kipimo, kwa sababu NBOMe inaingilia mdomoni humo humo, ukimeza tumboni ini linaiharibu sehemu kubwa ila chini ya ulimi inapita moja kwa moja kwenye damu, kwa hiyo wakati unaonja umeshaanza kunywa. Kuna na vile vipimo vya tone linalobadilika rangi. Kile cha Ehrlich kikigusa LSD kinakuwa zambarau na kikigusa NBOMe hakibadiliki, vinasaidia kukataa, ila hakikwambii kipo kiasi gani na hakikwambii kama kuna kitu cha pili kimeongezwa.

Turudi kwenye hili la "vya maabara ni visafi". Kutengenezwa maabara peke yake sio kosa wala sio sifa. Ile silosaibini wanayowapa wagonjwa kwenye majaribio makubwa nayo imetengenezwa maabara. Tofauti ni kwamba ile imepimwa, chupa imeandikwa kilichomo, na aliyeitengeneza ana jina na anaweza kushtakiwa. Hizi nyingine zinatengenezwa kwa mtindo wa kukimbia sheria, molekuli ikipigwa marufuku wanabadilisha atomu mbili tatu wanauza nyingine, hapo hapo bila hata panya mmoja kupewa. Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia dawa za kulevya na uhalifu limeshaorodhesha zaidi ya aina 1,200 za dawa mpya za namna hii, sio zote saikedeliki lakini nyingi zimo. Mtu akikwambia "ni kama LSD tu, imebadilishwa kidogo" ujue hicho "kidogo" kinaweza kuwa ndo kila kitu. Hata NBOMe ni 2C iliyobandikwa kipande.

Na sio jambo la jana. Mwaka 1963 Alexander Shulgin alitengeneza molekuli inaitwa DOM, na mwaka 1967 pale San Francisco ikasambazwa kwenye vidonge kwa jina la STP, dozi ya kila kidonge ikiwa imezidi mara kadhaa inayohitajika. Inachelewa kupanda, kwa hiyo watu waliozoea LSD walimeza, wakasubiri, wakaona kimya, wakaongeza, halafu zote zikawapanda kwa pamoja na hazikushuka siku hiyo wala usiku wake, hospitali zikajaa. Huko kuchelewa kumeua watu mpaka leo. Kila ukisikia mtu anasema "mbona sioni kitu, nipe nyingine" hapo ndo hatari ilipo.

Mfano mbaya kuliko wote kwangu ni molekuli inayoitwa Bromo-DragonFLY. Ilitoka maabara ya David Nichols, chuo kikuu cha Purdue, mwaka 1998, nayo ikiwa chombo cha utafiti wa vipokezi. Inaweza kuchukua masaa kabla ya kupanda na ikipanda inakaa siku nzima au zaidi, na mishipa inabana kiasi kwamba damu haifiki mikononi na miguuni, kulekule kwenye ule ukungu wa enzi za kati. Mwaka 2008 madaktari wa Sweden waliandika kuhusu mgonjwa aliyekuja na degedege na viungo vilivyokosa damu. Mwaka 2009 ikauzwa kwa jina la dawa nyingine dhaifu zaidi, 2C-B-FLY, watu wakapima dozi ya ile dhaifu na wakafa, Denmark na Marekani. Kosa lao lilikuwa kuamini kilichoandikwa kwenye pakiti.

Huyo Nichols aliandika jambo mwaka 2011 kwenye jarida la Nature ambalo natamani kila anayesema "mbona wanasayansi wanazitafiti" alisome. Alieleza kwamba miaka ya 90 alitafiti kwa panya molekuli inaitwa MTA, akiona inaweza kuja kusaidia kwenye sonona, akachapisha matokeo kama mwanasayansi yeyote. Watu wakasoma, wakatengeneza vidonge wakauza, na kufikia 2002 vifo sita vilikuwa vimehusishwa nayo. Hakuwahi kumpa binadamu hata mmoja, hakujua itafanya nini kwa binadamu, na hakujua kama kuna mtu anasoma kazi zake kwa nia hiyo. MTA inamwaga serotonini kwa wingi na papo hapo inazuia kimeng'enya kinachoivunja, kwa hiyo inajaa na haina pa kutokea. Mzee wa watu alibaki anajiuliza ni ipi nyingine kati ya alizochapisha itakayofuata. Kwa hiyo jarida la kisayansi kuitaja molekuli sio kibali cha kuimeza, mara nyingi lina maana ndo kwanza wanaitafuta ilivyo.

Na hili la kutibu sonona silikatai hata kidogo, maana ni kweli na mimi nalifuatilia kwa matumaini, wagonjwa wa sonona waliokosa dawa inayowasaidia nimewahudumia sana dirishani. Novemba 2022 jarida la kitabibu la New England lilichapisha jaribio la watu 233 waliopewa silosaibini mara moja, kwa dozi tatu tofauti, na waliopewa miligramu 25 walipata nafuu kuliko waliopewa miligramu 1 wiki tatu baadaye. Lakini angalia masharti. Wenye bipola na wenye historia ya kupoteza uhalisia hawakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo rafiki yako wangemrudisha mlangoni. Waliokuwa kwenye dawa za sonona waliziacha kwanza kwa usimamizi. Kulikuwa na mtaalamu chumbani muda wote. Na hata hivyo kulikuwa na waliopata mawazo ya kujidhuru baada ya dozi. Huwezi kuchukua matokeo ya pale ukayabandika kwenye kijikaratasi kisichojulikana ndani ya chumba cha hosteli.

Niongeze kuhusu dawa nyingine maana najua mtakuwa wengi na kila mtu ana yake. Anayetumia dawa za sonona za kawaida, zile za kuongeza serotonini, mara nyingi LSD au silosaibini hazimpandi vizuri, na hatari inaanzia hapo kwa sababu anaongeza dozi. Anayetumia zile za zamani zinazozuia kimeng'enya cha MAO, huyo akichanganya na kemikali kama 5-MeO-DMT anaweza kufa, na imeshatokea. Tramadoli, ambayo vijana mnaichukulia kama dawa ya maumivu tu, inashusha kizuizi cha degedege na inaongeza serotonini juu yake. Mwambie kila mmoja atakayekuwepo.

Kuhusu akili. Wengi wanarudi salama, sitakutisha kwa uongo. Ila kwa mtu ambaye ndani ya ukoo kuna skizofrenia au bipola, mara moja inaweza kutosha kufungua ugonjwa ambao haujawahi kujitokeza, na kwa umri wenu wa miaka ya ishirini ndo kipindi ambacho magonjwa hayo yanajitokeza hata bila msaada wa kemikali. Upande wa baba yako unajua habari za shangazi yako mkubwa, kwa hiyo hapo sikuongelei mambo ya watu wengine, nakuongelea wewe. Kuna na wale ambao macho hayarudi sawa, dawa imeisha siku nyingi lakini bado wanaona vitu vinaacha mkia vikipita, taa zina duara, chengachenga kama za televisheni isiyo na stesheni, inaweza kukaa miezi au miaka na matibabu yake bado ni ya kubahatisha.

Ikitokea umekuwa mahali na mtu amemeza akaharibikiwa, fanya hivi na usiogope kukamatwa kuliko unavyoogopa kumpoteza. Ukiona mwili unachoma, anakakamaa, anatupa mikono, haeleweki anachosema, moyo unamwenda mbio, au ameanza degedege, piga simu ya gari la wagonjwa papo hapo. Mvue nguo, mpepee, mloweshe maji, na parasetamoli usimpe ukidhani itashusha joto, joto hilo linatoka kwenye misuli sio kwenye homa, halishuki kwa vidonge. Akianguka mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, msimkandamize kifudifudi hata kama anapigana maana mtu anaweza kufa akiwa amekaliwa mgongoni. Kama ni woga tu na mwili uko sawa, punguza kelele na mwanga, kaa naye, ongea polepole, umwambie ni dawa na itaisha. Hospitali sema ukweli wote, amemeza nini, saa ngapi, ngapi, na dawa gani nyingine anatumia, na kipande kilichobaki kiweke kwenye mfuko mpeleke, kwa sababu vipimo vya haraka vya mkojo havionyeshi NBOMe, daktari akiona majibu safi anaweza kuanza kutafuta ugonjwa mwingine. Dawa ya kuzima sumu yenyewe haipo, wanachofanya ni kumpa dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, kumpoza, kumwekea maji mwilini na kulinda figo, na vikianza mapema vinaokoa.

Swali lako la kujiunga: hapana mwanangu, usijiunge. Najua wewe ni mtu mzima na uamuzi ni wako, sitakuja kukaa mlangoni, lakini umeniuliza na hilo ndilo jibu langu. Yeye mwenyewe hajui kilichomo, aliyemuuzia hajui, na huenda hata aliyelowesha karatasi aliagiza unga kwa jina tu.

Kwa rafiki yako mpe namba yangu. Aniulize lolote, sitamshtaki kwa wazazi wake wala sitamsimanga, na kama kinachomsukuma ni kwamba lithiamu inamchosha au inamfanya ajione hana hisia, hilo ni lalamiko la kweli na lina majibu, anaweza kupimwa kiwango kwenye damu, dozi ikaangaliwa, au daktari wake akajadili naye dawa nyingine. Ongea naye leo kabla hajalala, halafu niandikie amesemaje.

Mama yako